Baba Hayupo, Binti Kavunja Ungo: Je, Yanahusiana?

(Mhadhara kwa wazazi, walezi na walimu, Moshi)

Shikamooni wazee wangu, na wengine habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie malezi ya nyumbani na umri wa kubalehe. Hapa mjini, kuanzia Majengo mpaka Pasua, binti akiota matiti akiwa darasa la nne lawama huwa zimeshaandaliwa. Mama anaambiwa amemlisha sana kuku wa kisasa. Mtoto naye anaambiwa "keshaanza mambo." Kuku mtaniuliza kwenye maswali. Hilo la pili naomba life leo. Balehe huanzia ubongoni: sehemu iitwayo haipothalamasi hutoa homoni kwa vipindi, tezi ya pituitari huitikia, kisha ovari. Matiti hutangulia, na hedhi hufuata baada ya miaka miwili hivi. Hakuna hatua hata moja ambayo mtoto huombwa ruhusa.

Urithi ndio wenye nguvu kuliko yote. Nusu ya tofauti kati ya wasichana, au zaidi, inatokana nao. Kwa hiyo kabla hujamshangaa binti, muulize mama yake alivunja ungo lini. Kisha chakula. Mtoto mwenye njaa ya muda mrefu huchelewa, mnene huwahi, kwa sababu mafuta ya mwilini hutoa leptini, homoni inayoujulisha ubongo kwamba akiba ipo.

Sasa nyumba yenyewe. Mwaka 1991 wataalamu watatu, Jay Belsky, Laurence Steinberg na Patricia Draper, walitoa hoja iliyowagawa wenzao mpaka leo. Walisema mtoto anayekulia kwenye ugomvi, ukali na maisha yasiyotabirika, mwili wake hujiandaa kuzaa mapema, maana kesho haina uhakika. Tafiti nyingi za Marekani, Uingereza na New Zealand zikaja kuonyesha kwamba mabinti waliolelewa bila baba huwahi kidogo kuvunja ungo. Nasisitiza kidogo: kwa wastani tunazungumzia miezi.

Wapinzani wakauliza swali zuri. Mama aliyebalehe mapema huenda aliolewa mapema, akaachika mapema, na amemrithisha binti maumbile yaleyale. Baba kaondoka, ndiyo, lakini huenda kuondoka kwake hakukusababisha kitu.

Utafiti ninaoupenda katika mjadala huu ni wa New Zealand, wa Jacqueline Tither na Bruce Ellis, uliotoka mwaka 2008. Walilinganisha dada na dada, baba mmoja mama mmoja. Wazazi wakitengana, mdogo huishi miaka mingi zaidi ya utoto wake bila baba kuliko dada yake, ilhali damu ni ileile. Wadogo waliwahi. Lakini waliowahi hasa, kwa karibu mwaka mzima kuliko dada zao, ni wale ambao baba alikuwa na matatizo makubwa kabla hajaondoka: ulevi, ukatili na mengine ya namna hiyo. Ni kama nyumba ile iliacha alama kabla mlango haujafungwa.

Ndiyo maana siafiki kuichukua hoja ya "baba hayupo" na kuipandisha nzima nzima mpaka Kibosho au Machame. Huku baba anafanya kazi Dar es Salaam au yuko machimboni Mirerani, anarudi Desemba na mbuzi. Mtoto yuko na mama, bibi na shangazi, na jina la baba linatajwa kwa heshima. Hiyo si nyumba iliyovunjika. Rebecca Sear na wenzake, walipopitia tafiti za jamii mbalimbali mwaka 2019, waliona kwamba nje ya nchi za Magharibi uhusiano huo hauna msimamo mmoja. Na mwaka 2020, Natalie Colich na wenzake walipokusanya tafiti nyingi pamoja, kilichoambatana na balehe ya mapema kilikuwa vitisho na ukatili. Kukosa mahitaji na matunzo hakukuonyesha hivyo.

Kwa hiyo baba aliyepo kila usiku akimpiga mama, mimi ananitia wasiwasi kuliko yule wa Desemba.

Kwa wavulana ushahidi ni mchache, sitawadanganya. Ila hospitali ni kwa wote: msichana akiota matiti kabla ya miaka 8, au mvulana akianza dalili kabla ya miaka 9, mpelekeni akapimwe. Vivyo hivyo msichana wa miaka 13 asiye na dalili yoyote, na mvulana wa 14.

Haya, nani anaanza na kuku?