Ron Howard alivyokipata kiti cha mwongozaji

NEEMA: Karibuni. Leo tunamzungumzia Ron Howard, mwongozaji wa filamu wa Marekani. Wengi wanamjua kwa Oscar mbili za 2002, za kuongoza na kutayarisha filamu ya A Beautiful Mind. Juma, mimi ningeanzia 1960, akiwa na miaka 6.

JUMA: Ndipo penyewe, dada. Mwaka ule alianza kucheza Opie, mtoto wa sherifu, kwenye kipindi cha televisheni, The Andy Griffith Show, akadumu hadi 1968. Na kipindi kile kilirekodiwa kwa kamera moja, bila watazamaji. Mnacheza sini, yaani tukio moja la hadithi, mnasimama, taa zinahamishwa, mnairudia sini ileile kwa pembe nyingine. Mtoto akishinda hapo miaka minane anajua vipande vinavyoungana.

NEEMA: Halafu akacheza kwenye kipindi kingine cha televisheni, Happy Days, kuanzia 1974. Nayo ilianza na kamera moja, baadaye wakahamia kamera tatu mbele ya watazamaji. Mifumo yote miwili akawa ameiishi.

JUMA: Ila kujua kazi ni kitu kimoja, kukabidhiwa fedha za watu ni kingine. Roger Corman, mtayarishaji wa filamu za bei nafuu, alimtaka acheze Eat My Dust!. Ron akakubali kwa sharti: nami nipewe filamu niongoze.

NEEMA: Corman naye akaweka lake: uongoze, lakini ucheze mwenyewe. Ron na baba yake, Rance, wakaandika Grand Theft Auto. Ikatoka 1977, Ron ana miaka 23, bajeti kama dola 600,000.

JUMA: Filamu ya magari kugongana kwa pesa hiyo! Gari likishabondeka hakuna kurudia. Ukiweka kamera moja ikakosa, umepoteza gari na sini. Kwa hiyo unazipanga kadhaa, ziwashwe pamoja. Mimi naona biashara ile ilikuwa ya akili sana: sura yake ilikuwa bado inauza tiketi, akaitumia kabla haijachuja.

NEEMA: Baadaye akakutana na mtayarishaji Brian Grazer, wakafanya filamu pamoja: Night Shift 1982, Splash 1984, kisha kampuni yao ya filamu, Imagine.

JUMA: Na 1995 ikaja Apollo 13, filamu ya wanaanga. Hapa nikae kidogo, kaka yenu. Seti ya chombo cha anga ilifungwa ndani ya ndege ya NASA, shirika la anga la Marekani, aina ya KC-135. Ndege inapanda kwa kasi, inapinda kileleni, inateremka. Mule ndani watu wanaelea sekunde 25 hivi, halafu uzito unawarudia kwa nguvu.

NEEMA: Kwa hiyo sini ya dakika mbili haipigiki kwa mkupuo.

JUMA: Haiwezekani kabisa. Unaikata vipande vya sekunde chache. Mwigizaji akimaliza kipande mkono uko kwenye swichi, kipande kinachofuata mkono uanzie kwenye swichi ileile, la sivyo mhariri hana pa kuunga. Ndege ilipanda na kushuka zaidi ya mara 600.