Mjamzito ameelewa nini? Vidonge, chakula na udumavu

Ndugu wauguzi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii,

Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao. Iringa ilifika karibu asilimia 57. Njombe na Rukwa, karibu nusu. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi mahindi, kwa hiyo tusijidanganye kwamba tatizo ni ghala tupu.

Mtoto wa kike wa miaka 2 akilazwa kwenye ubao wa kupimia akatoka chini ya sentimita 80, amedumaa, hata kama ana mashavu. Inakadiriwa kuwa kama moja ya tano ya udumavu huanzia tumboni. Ndiyo maana leo nataka tukae hapohapo kliniki ya wajawazito, pale mnapomkabidhi mama vidonge vya kuongeza damu.

Bahasha imeandikwa 1x1. Kwenu iko wazi. Mama anayesoma kwa shida haimwambii kitu, hivyo mwambieni kwa mdomo: kidonge kimoja kila siku mpaka ujifungue. Kina miligramu 60 za madini chuma na 0.4 za asidi ya foliki. Akinywe kwa maji. Akila na chungwa ni vizuri zaidi. Asikinywe pamoja na chai wala maziwa, kwa sababu huzuia madini chuma kufyonzwa. Apishanishe kwa saa moja au mbili. Kikimletea kichefuchefu, akinywe usiku baada ya kula. Na choo kitakuwa cheusi. Msipomwambia hili mapema, atakapokiona ataogopa na vidonge vitaishia kabatini.

Wapo wanaojinunulia duka la dawa foliki ya miligramu 5. Hiyo hupunguza nguvu ya SP, dawa anayopewa mjamzito kukinga malaria, na malaria ya ujauzito huzaa watoto wenye uzito pungufu. Ulizeni anatumia nini kingine.

Kuhusu chakula, "kula mlo kamili" ni maneno matupu. Semeni: milo yako mitatu, ongeza asusa moja, kwenye ugali weka maharage au dagaa, mnafu uliotiwa mafuta ya alizeti, na parachichi ambalo kwetu halikosekani. Wengine wamekatazwa mayai, au wanakula kidogo makusudi wakiogopa mtoto mkubwa atawasumbua kujifungua. Hofu hiyo ni ya kweli kwao, isichekwe. Mara nyingi anayepakua ni mama mkwe, basi aitwe naye asikie.

Swali la "umeelewa?" liacheni kuanzia leo. Jibu lake ni "ndiyo" siku zote, maana nani atamwambia nesi hapana, na foleni iko nyuma yake? Ulizeni hivi: "Mama, ukifika nyumbani utamweleza mumeo kidonge hiki unakinywa lini, na kwa nini usinywe na chai?" Akikwama, aliyeeleza vibaya ni wewe, rudia kwa njia nyingine, halafu muulize tena. Inachukua dakika mbili.

Hudhurio linalofuata aje na bahasha yake. Kama mlimpa vidonge 30 wiki nne zilizopita na vimebaki 12, msimkaripie, la sivyo mara ijayo atavimwaga njiani kabla ya kufika kwenu. Muulizeni ni siku zipi anaruka. Akisema ni siku za kulala shambani, mfungieni vichache kwenye kikaratasi aende navyo.