Tukimrudisha Fulu, Atamwona Nani?

Mhadhara uliotolewa Kisumu mbele ya wanafunzi, wavuvi na wauza samaki

Wazee wangu, mama zangu mliofunga biashara mapema ili mje, na nyinyi vijana wa vyuo, hamjambo?

Swali mliloniletea ni hili: ikiwa sayansi inaweza kutengeneza kloni, yaani nakala, ya mnyama, kwa nini tuzidi kugombana na wavuvi juu ya matundu ya nyavu, na wakulima juu ya vinamasi? Si tuweke kipande cha ngozi cha kila mnyama kwenye friji, na wakiisha tuwatoe wengine? Aliyeuliza hakuwa anatania, na mimi sitamjibu kwa mzaha.

Kloni hutengenezwa hivi. Unachukua yai la jike, unalitoa kiini, mahali pake unatia kiini cha seli ya mnyama unayemtaka. Unaliamsha kwa umeme, na likianza kugawanyika unalipandikiza kwenye tumbo la jike mwingine. Dolly, kondoo aliyezaliwa Roslin, Uskoti, Julai 1996, alitokana na seli ya kiwele. Dolly tunamkumbuka sote. Tunachosahau ni kwamba mayai 277 yalitiwa viini vipya ndipo akapatikana yeye peke yake. Samaki nao si wageni katika jambo hili. Tong Dizhou wa China aliwafanyia mwaka 1963.

Sasa sikilizeni kisa cha Celia. Alikuwa mbuzi-mwitu wa milima ya Pyrenees, wa mwisho wa aina yake. Januari 2000 aliangukiwa na mti akafa. Seli zake zilikuwa zimeshahifadhiwa, kwa hiyo Wahispania wakajaribu. Majike 57 walipandikizwa, 7 wakashika mimba, na mmoja tu ndiye aliyefikisha siku zake. Mtoto alizaliwa mwaka 2003 akiwa na kasoro ya mapafu, akafa baada ya dakika chache. Basi aina ile ikawa imetoweka mara mbili. Na hata angeishi je? Celia alikuwa jike, kloni yake ni jike, na dume hakuwepo popote duniani. Hapo ndipo mimi huanza kuuliza ni nani hasa aliyekuwa akisaidiwa. Wale majike 50 waliopandikizwa bila kushika mimba hawatajwi na mtu, ilhali nao ni wanyama.

Njooni karibu na nyumbani. Kule Ol Pejeta, Laikipia, wamebaki vifaru weupe wa kaskazini wawili, Najin na binti yake Fatu. Dume wa mwisho, Sudan, alikufa Machi 2018. Kinachofanyika pale si kloni, ni kutungisha mimba maabarani, lakini maswali yake yanafanana. Fatu hulazwa kwa dawa ya usingizi, daktari anaingiza sindano ndefu kupitia njia ya haja kubwa huku akifuata picha kwenye skrini, anayavuta mayai moja moja. Mayai hayo husafirishwa kwa ndege hadi Italia, yanakutanishwa na mbegu za madume zilizogandishwa. Mwaka 2021 Najin alistaafishwa kwa sababu ya umri na afya. Hilo nililipenda: bibi kizee amepewa likizo, na wenye kazi wamekubali kubaki na mtoa mayai mmoja tu. Januari 2024 ilitangazwa kwamba mimba ya majaribio, ya kifaru wa kusini, ilishika. Kijusi kilikuwa na siku 70 na urefu wa sentimita 6.4, lakini mama aliyekibeba alikuwa ameshakufa kwa bakteria.

Mimi kazi hiyo naiunga mkono, ingawa si kwa moyo mweupe. Naiunga mkono kwa sababu kilichowamaliza wale vifaru kinajulikana: bunduki na bei ya pembe. Nyasi bado zipo. Mtoto akizaliwa kesho ana mahali pa kulala na mtu wa kumlinda.

Fulu wetu je, wale samaki wadogo wa Ziwa Viktoria?

Ziwa hili lilikauka, likajaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita. Katika muda huo mfupi zikachipuka aina zaidi ya 500 za fulu. Wa kula mwani, wa kuvunja konokono, wa kunyofoa magamba ya wenzake, hata wa kunyang'anya mayai yaliyo kinywani mwa mama mwingine. Mbuta, yaani sangara, samaki mkubwa anayekula samaki wenzake, akaletwa katika miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amelitawala ziwa. Aina zipatazo 200 za fulu zikapotea. Kisa hicho wazee mnakijua kuliko mimi, maana nyavu zenu ndizo zilizobadilika.

Lakini mbuta hakuwa peke yake. Kuna aina mbili za fulu wanaoishi kwenye miamba upande wa Mwanza, nazo zina majina ambayo hamtayasahau: Pundamilia pundamilia na Pundamilia nyererei, huyu wa pili akiwa amepewa jina la Mwalimu. Majike wao wanafanana sana. Madume ndio hutofautiana: mmoja ana rangi ya samawati, mwingine mgongo wake ni mwekundu. Jike huchagua kwa macho. Mtafiti Ole Seehausen na wenzake waliwaweka kwenye matangi yenye mwanga usioonyesha rangi, na majike wakawa wanachukua dume yeyote. Mwaka 1997 wakachapisha walichokikuta ziwani kwenyewe: palipo maji masafi, aina hubaki mbalimbali, na palipo tope na mwani, huchanganyika hadi zikawa kitu kimoja. Hakuna samaki aliyewala hapo wala mvuvi aliyewavua. Walipotea kwa kutoonana.

Mtu akisimama ufuo wa Dunga baada ya mvua kubwa, mto Nyando ukiwa umemwaga udongo wake na mbolea ya mashamba, maji ni chai ya maziwa. Nikikuletea hapo fulu mia wa kloni, kila mmoja sahihi hadi seli ya mwisho, jike atamchagua nani? Na hata hiyo friji tunayoitegemea ina mpaka wake. Mbegu za dume la samaki hugandishwa vizuri, lakini yai lake ni kubwa, lina kiini cha njano kingi, na kuligandisha likatoka zima kumewashinda watafiti hadi leo.

Nguva wa Pwani nitampitia haraka. Wamebaki wachache mno, wanakufa kwenye jarife na nyasi zao za baharini zinang'olewa. Kloni haitambui jarife.

Nisionekane napinga kila kitu. Marekani wana mnyama mdogo, jamaa ya kicheche, ambaye wote waliokuwa wamebaki walitokana na 7 tu. Desemba 2020 walizalisha kloni kutoka seli zilizogandishwa mwaka 1988, za jike ambaye hakuwa miongoni mwa hao 7. Hapo kloni imeongeza damu mpya. Hapa kwetu ningewafikiria korongo wa Ruma, wale swala wakubwa wa bonde la Lambwe, ambao ndio pekee waliobaki Kenya na idadi yao ni ndogo. Wachukuliwe seli leo, wakiwa hai, huku tukitunza mbuga yao.

Na ngege wa asili, Oreochromis esculentus, si huyu sato mnayemuuza leo, aliyeletwa baadaye. Ziwani amekwisha au karibu, lakini katika ziwa dogo la Kanyaboli, kule Siaya, bado yupo, pamoja na aina kadhaa za fulu. Aliyewaokoa ni mafunjo ya kinamasi cha Yala. Yanalitenga ziwa lile dogo na hili kubwa, na mbuta hapiti, kwa kuwa ndani ya mafunjo hewa ya majini ni haba na yeye haivumilii hali hiyo. Mafunjo hayo hayo hukamata udongo kabla haujafika ziwani. Sehemu ya kinamasi imeshakaushwa ikawa mashamba.

Kwa hiyo mkiniuliza shilingi ya kwanza iende wapi, nasema iende Yala. Mafunjo yaliyobaki yasikatwe zaidi, na wanavijiji wa pale walipwe kwa kuyatunza, maana njaa yao ni ya kweli. Wafugaji wa samaki nao wasimwage vifaranga vya sato Kanyaboli, hata kwa nia njema, kwa sababu sato huzaana na ngege na baada ya vizazi kadhaa hutajua yupi ni yupi. Shilingi ya pili inunue friji.

Mama pale nyuma umeinua mkono tangu niliposema sato. Karibu.