Mtihani wa Inspekta wa Mabomba: Lifuate Bomba Moja Kwenye Vitabu Vyote

Habari zenu jamani. Huko nyuma mnanisikia vizuri? Haya tuanze, muda wenyewe mnauona.

Nimeombwa niongelee maandalizi ya mtihani wa API 570, yaani ule wa inspekta wa mabomba unaotolewa na API, Taasisi ya Petroli ya Marekani, na najua wengi mliokaa hapa simu zenu zimejaa maswali ya mazoezi, mmetumiana kwenye magrupu, na kila mtu anakariri A, B, C, D mpaka usiku. Mi naomba leo hayo maswali muyaweke pembeni kwanza. Yana wakati wake na nitayarudia, ila ukianza nayo unajikuta umejifunza majibu ya maswali ambayo hutaulizwa, alafu wakibadilisha sentensi moja tu umekwama. Anza na bomba. Chukua bomba moja kichwani, amua ndani yake kinapita nini, lina joto gani, presha gani, alafu lifuate kwenye kila kitabu mpaka mwisho.

Kwanza umbo la mtihani, hapo sitakaa sana. Maswali 170 ya kuchagua jibu, 140 ndo yana maksi na 30 ni ya majaribio, wanayapima wao na wewe huwezi kujua ni yapi, kwa hiyo jibu yote kwa bidii ileile. Asubuhi unaanza na 110 bila kitabu chochote, masaa mawili na dakika 45. Unapumzika kidogo, alafu yanakuja 60 ya kitabu wazi, masaa matatu na dakika 45, na vitabu unavisoma kwenye skrini ya kompyuta ya kituo cha mtihani, vile vyako vyenye stika za rangi unaviacha nyumbani. Pigeni hesabu: asubuhi una dakika moja na nusu kwa swali, mchana una karibu dakika nne. Hiyo tofauti ndo inakwambia kusoma kuwe kwa namna gani, maana kuna vitu lazima vikae kichwani na kuna vitu unatakiwa ujue tu vilipo, na mtu anayekariri jedwali zima la B16.5, ile standadi ya flenji, huku hajui nani anaidhinisha matengenezo, huyo ameyageuza mambo.

Na kabla hujafungua ukurasa wowote, tafuta ile orodha rasmi ya machapisho ya mtihani wako. API wanatoa orodha inayosema toleo lipi la kila standadi ndo litatumika na sura zipi zimo. Soma toleo hilo. Ukisoma toleo la zamani ulilopewa na rafiki utajibu kwa uhakika kabisa kitu ambacho kilishabadilishwa.

Sasa bomba letu. Tuseme ni chuma cha kaboni, linabeba mafuta ya moto yenye salfa. Swali la kwanza la inspekta ni hili, nini kinalila? Hapo unafungua API 571, kitabu cha njia ambazo chuma kinaharibika. Watu wanakiogopa kwa sababu ni kinene, lakini kila njia ya uharibifu imeandikwa kwa mpangilio uleule: vyuma gani vinaathirika, vitu gani vinachochea, inatokea wapi kiwandani, inaonekanaje, unaizuiaje, unaikaguaje. Ukishaushika huo mpangilio kinasomeka. Bomba letu liko juu ya nyuzi 260 za Selsiasi, na hapo ndo salfa inaanza kula chuma cha kaboni kwa kasi ya kutisha. Na kuna kitu kidogo humo ambacho wengi wanakiruka, kwamba chuma cha kaboni chenye silikoni chini ya asilimia 0.10 kinaliwa haraka kuliko chenye silikoni zaidi.

Naomba msikilize hapa. Agosti 6, 2012, kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta cha Chevron pale Richmond, California, bomba la inchi 8 lilipasuka. Kipande kilichopasuka kilikuwa na urefu wa inchi 52 tu, na kilikuwa na silikoni kidogo. Bomba lilikuwa linapimwa unene, ila pale pointi za kupimia zilipokuwa chuma kilikuwa bado kina nyama, na kile kipande cha katikati kikawa kinaisha bila mtu kukigusa. Wafanyakazi 19 walifunikwa na wingu la mvuke, kwa bahati wote wakatoka hai, na watu kama 15,000 wa maeneo ya jirani wakaenda kutafuta matibabu. Ripoti ya Bodi ya Usalama wa Kemikali ya Marekani iko wazi, isomeni. Ukiisoma, ule mstari wa silikoni hautakutoka kichwani tena, na utaelewa kwa nini wanasisitiza hivi suala la wapi unaweka pointi za kupimia. Namba zako za unene zinasema ukweli wa pale ulipopima tu.

Kwa hiyo swali la pili, niangalie wapi? Hapo ni API 574, ya namna ya kukagua sehemu za bomba, na 570 kwa pamoja. Kutu ya chini ya insulesheni, kwa chuma cha kaboni shikeni nyuzi -12 mpaka 175, na stenlesi zile za kawaida hofu inaanzia nyuzi 60 kwa sababu ya kloridi na mipasuko. Sehemu bomba linapotoka ardhini. Mikono iliyokufa ambayo maji yanatuama. Na pointi za kuingizia kemikali, hizi zinapenda sana kuulizwa. Sakiti ya pointi hiyo, yaani kipande cha bomba unachokikagua kwa ajili yake, inaanzia nyuma yake, angalau inchi 12 au kipenyo cha bomba mara tatu, ile kubwa kati ya hizo, na mbele inaenda mpaka kona ya pili ya mtiririko, au futi 25 baada ya kona ya kwanza, ile fupi. Mnaona, nyuma wanachukua kubwa, mbele wanachukua fupi, na muulizaji anajua watu wanazichanganya. Bomba la inchi 6, mara tatu ni 18, jibu ni 18. Bomba la inchi 3 inakuja 9, jibu ni 12. Fanya na mabomba ya saizi tofauti mpaka mkono uzoee.

Swali la tatu, limebaki na muda gani? Hapa ndo nataka tukae, kwa sababu ukielewa hapa umeelewa moyo wa API 570. Bomba letu lilifungwa 2008 likiwa na milimita 10.0. Mwaka 2018 likapimwa 8.5. Mwaka 2023 likapimwa 7.0. Unene unaohitajika, tuseme 4.6. Kasi ya kutu ya muda mrefu ni 10.0 toa 7.0, gawa kwa miaka 15, unapata 0.2 kwa mwaka. Ya muda mfupi ni 8.5 toa 7.0, gawa kwa 5, unapata 0.3. Mtu mwenye haraka anachukua 0.2 kwa sababu ni ya historia ndefu, anapata miaka 12 iliyobaki, nusu yake 6, maana ukaguzi ujao hauruhusiwi kupita nusu ya maisha yaliyobaki wala kikomo cha jedwali, ile ndogo, anaangalia jedwali, daraja la 1, yale mabomba ya hatari zaidi yakivuja, mwisho ni miaka 5, anajibu 5 na anaendelea akiwa na furaha. Lakini bomba linakwambia kuwa kasi imeongezeka, kuna kitu kimebadilika humo ndani, labda mafuta, labda joto! Inspekta anakaa na mtaalamu wa kutu wanachagua kasi inayoeleza hali ya sasa, na kwenye mtihani kama hujapewa sababu nyingine chukua ile kubwa. Kwa hiyo 7.0 toa 4.6 ni 2.4, gawa kwa 0.3 ni miaka 8, nusu yake 4, na 4 ni ndogo kuliko 5, basi jibu ni 4.

Sasa endeleeni hatua moja mbele. Kwenye hesabu ya presha ya juu inayoruhusiwa, 570 inakutaka uchukue unene wa leo, utoe kutu inayotarajiwa mpaka ukaguzi ujao mara mbili. Kwetu ni 0.3 mara miaka 4, 1.2, mara mbili ni 2.4. 7.0 toa 2.4 ni ngapi? 4.6. Ileile tuliyoanza nayo! Nusu ya maisha na kuzidisha kutu mara mbili ni wazo moja limeandikwa mara mbili, kwamba hata kutu ikienda mara mbili ya ulivyotegemea, siku unaporudi bomba bado liwe na unene wa kutosha. Mtu aliyeliona hilo hahitaji kukariri fomula mbili, na akikosea hesabu atashtuka mwenyewe.

Na ile 4.6 ilitoka wapi? ASME B31.3, kitabu cha kudisaini mabomba cha chama cha wahandisi mitambo wa Marekani: presha, kipenyo, nguvu ya chuma, ubora wa weldi, na kile kigezo Y ambacho kwa vyuma vya kawaida chini ya nyuzi 482 ni 0.4. Ukiwa unaagiza bomba jipya usisahau kiwanda kinaruhusiwa kukupungukia asilimia 12.5 ya unene. Testi ya maji mara 1.5 ya presha ya disaini, na joto la disaini likiwa juu unarekebisha, dakika zisizopungua 10. Testi ya hewa mara 1.1. Flenji ni B16.5, kazi ya mchana hiyo, jizoezeni kutafuta kwenye jedwali tu: flenji ya klasi 150 ya chuma cha kaboni cha kawaida inabeba psi 285 ikiwa baridi, testi yake mara 1.5 ni 427.5, unapandisha mpaka 25 inayofuata, inakuwa 450. Wengi wanaishia 427.5.

Haya, bomba limeisha, tunabadilisha kona moja. Chuma ulicholetewa una uhakika ndo chenyewe? API 578, ya kuhakiki aina ya chuma, ni fupi sana, na watu wanaiacha kwa sababu hiyohiyo ya ufupi. Julai 28, 2005, kiwanda cha kusafisha mafuta cha BP, Texas City, Marekani, na hapa sizungumzii ule mlipuko mkubwa wa Machi mwaka huohuo, huu ni mwingine. Wakati wa matengenezo kona ya chuma cha kaboni ilifungwa mahali pa kona ya chuma aloi, kwa macho zinafanana kabisa, na pale kulikuwa na haidrojeni ya moto yenye presha kubwa. Miezi michache tu ikapasuka, moto. Kifaa cha kupima aina ya chuma kingemaliza hiyo kazi kwa muda mfupi.

Alafu kuna nani anaruhusu nini. Matengenezo ya kurudisha bomba kwenye hali yake ni kitu kimoja, badiliko linalogusa uwezo wake wa kubeba presha ni kitu kingine, hilo haliendi bila injinia wa mabomba. Kiwanda cha kemikali cha Flixborough, Uingereza, 1974, waliondoa riakta moja yenye ufa wakaweka bomba la muda la inchi 20 bila hesabu za kihandisi zinazostahili, Juni likaachia, kukatokea mlipuko, na watu 28 wakafa. Kwa hiyo ukikuta swali linasema meneja ameidhinisha, au welda mkuu amekubali, simama hapo. Ukishajua tofauti ya tengenezo na badiliko, maswali mengi ya asubuhi yanajijibu.

Uchomeleaji ni ASME IX na ukaguzi wa weldi ni ASME V, na hapa najua mafundi mliopo mnajiamini, lakini mtihani unauliza karatasi. WPS inasema utachomea vipi, PQR inathibitisha kuwa njia hiyo ilijaribiwa, na cheti cha welda kinathibitisha mtu. Kubadilisha kitu cha msingi kwenye njia maana yake unajaribu upya. Welda asipotumia mchakato fulani kwa miezi 6 sifa yake kwenye mchakato huo inakufa. Kwenye V shikeni vichache vya kichwani: ukaguzi wa macho jicho lisizidi inchi 24 na pembe isipungue nyuzi 30, na rangi ya kupenya inataka chuma kiwe kati ya nyuzi 5 na 52 za Selsiasi.

Sasa ndo maswali ya mazoezi yanaingia, baada ya kufuata bomba. Na utumie hivi: ukikosea swali usiandike jibu, fungua aya yenyewe, soma ya juu yake na ya chini yake, maana swali litakalokuja mara nyingi limekaa kwenye hizo za jirani. Maneno ya "lazima" na "inashauriwa" yapigieni mstari kila mnapoyakuta. Kwa ajili ya mchana, zoea kutafuta kwenye PDF, andika neno ambalo standadi inalitumia na sio neno la kazini kwenu, la sivyo hutalipata.

Dada pale mbele umenyoosha mkono muda mrefu, samahani. Anauliza kama mtu asiye na digrii anaruhusiwa. Anaruhusiwa, wanaangalia elimu pamoja na uzoefu, injinia mwenye digrii anatakiwa mwaka mmoja wa kazi ya ukaguzi, aliyemaliza sekondari miaka mitatu, asiye na cheti chochote cha shule miaka mitano, na iwe kazi ya ukaguzi wa mabomba kweli, sio kupita karibu nayo. Cheti chenyewe kinadumu miaka 3 alafu unakihuisha. Kwa hiyo anza leo kukusanya barua za waajiri wako zinazoeleza ulikagua nini na lini, kwa sababu barua ya kampuni iliyofungwa ni ngumu kuipata kuliko mtihani wenyewe. Kaka mwenye shati la bluu, endelea na swali lako.