Kunakili si Kupiga Mara Mbili

Narudia nilichokwisha kusema mara nyingi, na nitakirudia hadi kieleweke: ukichukua traki ya gitaa la rithimu, ukainakili, ukaiweka moja kushoto kabisa na nyingine kulia kabisa, hujapata magitaa mawili. Umepata gitaa lilelile, limekaa katikati, limepanda sauti tu. Upana huja pale masikio mawili yanapopokea vitu visivyolingana.

Nenda kajaribu leo usiku. Zirudishe traki zote mbili katikati kwa sauti sawa, kisha moja igeuze fezi (mawimbi yake yapinduke juu chini). Kama ni nakala, kila moja itaifuta mwenzake, ubaki na kimya kitupu. Kama uliipiga rifu (kipande kifupi cha gitaa kinachojirudia) mara mbili kweli, gitaa litakonda lakini litasikika. Hicho kinachobaki ndicho upana wenyewe: piki (kibao cha kuchapia nyuzi) iliyowahi uzi kidogo, kiganja kilichokaba kwa nguvu kuliko mara ya kwanza. Hakuna kitufe kinachokupa hayo.

Najua yupo atakayesema, "Mimi nakala naichelewesha milisekunde 15." Kwenye hedifoni itakudanganya vizuri sana. Lakini gitaa litaegemea upande unaotangulia, na wimbo ukifika kwenye simu yenye spika moja, traki zinakatana: masafa ya hezi 33, 100, 167 na kuendelea zinatoweka, gitaa linalia kama limo ndani ya bomba. Mwingine atanitajia studio ya Abbey Road, London, mwaka 1966, fundi wake Ken Townsend alipobuni njia ya kurudufisha sauti ya mwimbaji bila kumwimbisha tena. Sawa, lakini ile tepu ya pili kasi yake iliyumbishwa makusudi, ucheleweshaji usitulie mahali pamoja. Hata wao nakala iliyosimama hawakuitaka!

Basi piga. Mkono ukichoka, rekodi baa nne nne, metronomi sikioni. Tyuni kabla ya kila kipande, na upime uzi kwa kuuchapa vilevile utakavyouchapa kwenye rifu, kwa sababu uzi mnene ulioshushwa hadi D au C hupanda pale unapochapwa, kisha hushuka. Ukiutyuni kwa kuugusa taratibu, kila pigo la nguvu litatoka juu ya noti, na traki ya pili itazidisha ubaya huo.

Geini, yaani kiwango cha mkwaruzo wa sauti, ipunguze kwa karibu robo ya ile unayoipenda ukipiga peke yako. Distoshoni (mikwaruzo hiyo) za traki mbili hujumlishwa, na mchapo wa piki humezwa na mvumo.

Muda unanibana. Chini ya hezi 80 kata, huko ni kwa besi na ngoma kubwa. Traki nne? Usiniulize kabla mbili zako hazijajua kunyamaza pamoja. Pale rifu inaposimama ghafla, sikiliza mkia: upande mmoja ukiendelea kuvuma, rudia kipande hicho.