Jivu la Koobi Fora

Shikamooni wazee, na wenzangu habari za jioni.

Huko Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana, kuna tabaka la jivu la volkano liitwalo KBS. Mwaka 1969 sampuli yake ilipelekwa Uingereza kupimwa umri. Jibu likarudi: miaka zaidi ya milioni 200. Enzi za dinosaria! Mtambo haukuwa na kosa. Maji yalilikokota jivu lile zamani na kulichanganya na chembe za miamba mikongwe. Ikabidi fuwele zichambuliwe upya kutoka kwenye mawe-povu, yale mawe mepesi yaliyozaliwa na mlipuko wenyewe. Wapimaji hao wa Uingereza wakapata milioni 2.6.

Tunapima nini hasa? Potasiamu 40 ikioza huzaa argoni 40, na gesi hiyo hubaki imefungiwa ndani ya fuwele: kadiri fuwele inavyozeeka, ndivyo argoni inavyoongezeka. Tunaiyeyusha fuwele, gesi inaingia kwenye spektromita, yaani mtambo wa kupambanua atomu kwa uzito, inapewa chaji ya umeme, kisha sumaku inatenganisha nyepesi na nzito. Taabu ni kwamba hata hewa hii tunayovuta ina argoni 40. Ya mwamba ni ipi, ya hewani ni ipi? Hapo tunaiuliza argoni 36, ndugu yake mwepesi asiyezaliwa na potasiamu. Hewani, kwa kila atomu moja ya 36 zipo 298.56 za 40. Kwa miaka mingi tulitumia 295.5, kipimo cha mwanafizikia Nier cha 1950, mpaka kilipopimwa upya mwaka 2006. Sasa 36 ni haba mno, na ukiikosea kidogo tu, kosa hilo unalizidisha karibu mara 300. Ndiyo maana kila asubuhi, kabla sijagusa sampuli ya mtu, napima mtambo ukiwa mtupu.

Mitambo ya zamani ilikuwa na kipokezi kimoja: kinasoma 40, kinahamia 36, kinarudi, na gesi huku inapungua. Pima ndoo mbili zinazovuja, moja baada ya nyingine, uone. Siku hizi vipokezi ni kadhaa, vinasoma kwa mpigo. Hata hivyo, ukitaka kosa lipungue nusu, data unakusanya mara nne, si mbili.

Turudi KBS. Mwaka 1975 Garniss Curtis na wenzake wa Chuo Kikuu cha Berkeley, Marekani, walipata milioni 1.6 na 1.8. Watu wa visukuku nao wakabisha kwa meno ya nguruwe, naam, nguruwe: wa chini ya jivu lile walifanana na wale wa Omo, Ethiopia, wa miaka kama milioni 2. Katika miaka ya 1980 Ian McDougall wa Australia akapata milioni 1.88, kosa 0.02, na ubishi ukaisha. Nguruwe walikuwa wamekaribia ukweli kuliko maabara ya kwanza.

Haya, maswali.