Kaya ilikuwa mji kabla ya kuitwa msitu

Ahsanteni kwa kunikaribisha. Leo nina neno moja tu, kaya, nami naanza kwa ubishi: kaya si msitu.

Tangu UNESCO ilipoiingiza misitu ya kaya za Wamijikenda wa pwani ya Kenya kwenye urithi wa dunia mwaka 2008, tumezoea kusema "twende tukaone kaya" huku tukiwaza miti. Miti ilikuwa boma. Kaya yenyewe ilikuwa katikati, pale palipofyekwa: kila ukoo na upande wake, na moro, mahali wazee walipokaa kuamua mambo. Uliingia kwa njia nyembamba yenye malango, adui akija aje mmoja nyuma ya mwenzake. Na mahali pa siri palizikwa fingo, kinga ya mji mzima. Jina Mijikenda lenyewe ni midzi chenda, miji tisa.

Baadaye watu walihamia mashambani, hasa karne ya 19. Nyumba zikatoweka, makaburi yakabaki, miti ikajaa. Lakini Waingereza walijua bado ni mji. Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyeongoza upinzani dhidi yao, aliwalisha Wagiriama, mojawapo ya jamii za Mijikenda, kiapo Kaya Fungo mwaka 1913. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikailipua kaya hiyo kwa baruti. Kichaka kitupu nani angekipotezea baruti?

Wala neno si la pwani peke yake. Wasukuma na Wanyamwezi wanalo, kwa maana ya makazi ya mtu na watu wake. Kusini kabisa, Mzulu husema ikhaya, yaani nyumbani, na Khayelitsha kule Cape Town ni makao mapya. Wataalamu wa lugha za Kibantu wanayarudisha yote kwenye shina moja.

Kwenye Kiswahili cha Tanzania, neno limesinyaa. Karani wa sensa akiuliza mkuu wa kaya ni nani, hamtafuti mzee wa moro. Anamtaka anayetambuliwa na wale wanaokula chungu kimoja. TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii wa Tanzania, nayo imekuwa na mpango wa kunusuru kaya maskini. Mzee wa Rabai, kwa Wamijikenda, akilisikia hilo atashtuka: kaya nzima, koo zote, maskini? Kumbe anayesemwa huenda ni bibi mmoja na wajukuu zake. Hata mpangaji wa chumba kimoja Manzese, Dar es Salaam, anayejipikia mwenyewe, kwenye fomu ya sensa ni kaya kamili.